Jifunze kufikiri kijasiriamali kwa majaribio madogo na kumuelewa mtu, kwa sisi wa Dodoma

Wadau, hii nimeiandika kwa ajili ya mtu mwenye laki moja, laki mbili, au hana kabisa, yuko Dodoma mjini au wilayani huku kanda ya kati, kila siku anaambiwa "jiajiri" lakini hamna anayemwambia aanze na mguu upi. Mambo ya namna ya kusajili na kufungua nitayagusa mwishoni kidogo tu. Hapa nataka tuongelee kichwa kinavyotakiwa kufanya kazi kabla hujafungua kitu chochote, maana huko ndiko hela zetu nyingi zinakoteketea.

Nianze na ya kwangu. Mwaka 2021 nilikuwa na milioni moja na laki nane, akiba ya miaka mitatu. Nikapanga fremu Makole, mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 120,000 kwa mwezi, yani 720,000 imeondoka kabla sijaingiza hata meza. Mashine ya fotokopi iliyotumika 850,000. Rangi, meza, bango na vikorokoro vingine 230,000. Nikafungua stesheneri. Hesabu niliyokuwa nayo kichwani ni kwamba Serikali imehamia Dodoma, watumishi wamejaa, watumishi wana makaratasi, kwahiyo watakuja kutoa kopi. Hamna mtumishi hata mmoja niliyekuwa nimemuuliza. Kumbe ofisini wana mashine zao, alafu wengi walishahamia Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kilomita kumi na kitu kutoka kwenye fremu yangu. Mwezi wa tano nikauza mashine. Ile hela iliniuma sana, na kilichoniuma zaidi ni pale nilipogundua kwamba jibu lile ningelipata kwa siku mbili tu na nauli ya daladala.

Tangu hapo nafanya mambo mawili na siyaachi. La kwanza namsoma mtu mpaka nione siku yake kama anavyoiona yeye. La pili najaribu kidogo kidogo, kwa hela ambayo ikipotea nitakula na nitalala. Haya mawili yanakwenda pamoja, ukimuelewa mtu bila kujaribu unabaki na stori, na ukijaribu bila kumuelewa mtu unarudi kwenye stesheneri yangu.

Hatua ya kwanza: anza na mtu, wazo liweke pembeni

Wengi tunaanza na wazo. Nataka kufuga kuku, nataka kuosha magari, nataka kuuza chipsi. Wazo tumelitoa kwa jirani au tumeliona kwenye stetasi ya mtu, na mtu mwenyewe wa kumhudumia tunamtafuta baadae kabisa tukiwa tumeshamaliza hela. Geuza. Tafuta kwanza mtu, mtu kabisa anayetembea hapa mjini, ujue asubuhi yake ikoje na kitu gani kinamchosha.

Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapo ndipo watu wanachanganya kumuelewa mtu na kumuonea huruma. Huruma unaweza kuwa nayo ukiwa mbali, unamuona mama kabeba ndoo unasema maskini, unapita. Mimi naongelea kukaa naye karibu mpaka ujue ndoo ameijaza wapi, amesubiri muda gani, na kwa nini hakuchukua ile ndogo. Mtu akishafika hapo anaona vitu ambavyo hata mwenye shida hawezi kukuambia kwasababu ameshavizoea.

Kuna profesa wa uchumi Bangladesh, Muhammad Yunus, alikuwa anafundisha chuo kikuu cha Chittagong miaka ya 70 baada ya njaa kubwa ya 1974. Akawa anatoka darasani anaenda kijiji cha jirani kinaitwa Jobra anaongea na watu. Akakuta mama anasuka viti vya mianzi, lakini hela ya mianzi anakopa kwa mfanyabiashara na masharti ni lazima amuuzie huyo huyo kwa bei anayoitaka yeye, mama anabaki na hela ya kushangaza kwa udogo. Yunus hakurudi kuandika andiko. Akatafuta wenye hali kama hiyo pale kijijini, wakafika 42, na deni lao wote kwa pamoja lilikuwa dola 27. Akatoa mfukoni mwake, 1976 hiyo, akawaambia mtarudisha mkiweza. Wakarudisha. Lile jaribio la dola 27 ndilo lililozaa Benki ya Grameen, na 2006 yeye na benki wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mimi napenda kuangalia ile wiki ya mwanzo kuliko tuzo: kakaa na mtu, kaona tatizo lenyewe liko wapi hasa, kajaribu kwa hela ndogo.

Sasa turudi kwetu. Mwezi wa saba, ile baridi ya asubuhi ya Dodoma yenye upepo na vumbi, nilipanda daladala ya Mtumba, nilikuwa naenda tu kuangalia watu. Siti ya mbele yangu alikaa dada mmoja kavaa suti nzuri ya kijivu lakini miguuni ana malapa. Tulivyoshuka akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akatoa kwenye mkoba chupa ndogo ya maji na kitambaa, akalowesha, akafuta miguu taratibu, vifundoni, kisigino, kidole kwa kidole, alafu akafungua kitenge akatoa viatu vyeusi vinang'aa akavaa, malapa akayakung'uta mara tatu ukutani akayafunga kwenye kitenge kile kile. Kama dakika nne hivi. Nikamsogelea nikamwambia samahani dada, kila siku unafanya hivi? Akasema, "Kaka yangu, hili vumbi ukiingia nalo ofisini watu wanakuangalia miguu kabla hawajaitikia salamu."

Kile kitenge ndicho nataka ujifunze kukiona. Mtu akishajibunia njia yake ya kujishikizia, hata iwe ya ajabu, basi shida ipo na imemchosha mpaka ameifanyia kitu. Mtu anayelalamika tu bado hujui. Mtu aliyetoboa ndoo, aliyefunga kamba, anayebeba viatu kwenye kitenge kila siku ya Mungu, huyo ndiye wa kumfuata.

Cha kufanya wiki ya kwanza: chagua sehemu moja, asubuhi tatu. Soko la Majengo, pale Machinga Complex, Nyerere Square, stendi, geti la chuo, soko la Job Ndugai, popote. Kaa. Ukikaa kwa mama lishe kunywa chai yake ulipe, usijaze benchi la watu bure. Andika unachokiona kwa macho, usiandike unachofikiri. "Kijana anafuta raba na karatasi mara mbili ndani ya dakika kumi" hiyo ni nzuri. "Vijana wanahitaji huduma ya usafi" hiyo futa, hiyo ni wewe unaongea. Na ukienda vijijini, Bahi, Chamwino, Kongwa, usifike na daftari mkononi kama karani wa sensa, salimia vizuri, mbukwenyi moja tu kwa mzee wa Kigogo na kukaa chini pale alipokaa yeye kunakufungulia maongezi kuliko maswali yako ishirini.

Hatua ya pili: uliza yaliyopita

Hapa wengi tunapotea na ni kwasababu ya malezi yetu mazuri. Mtanzania hawezi kukuvunja moyo usoni. Ukimuuliza "nikianzisha huduma hii utanunua?" atakuambia hongera sana, wazo zuri, sisi tutakuunga mkono. Anamaanisha anakutakia heri na ni jambo jema, ila wewe unaenda kukopa kwa sababu ya ile hongera. Kwenye biashara "nitakucheki", "nitakutafuta", "tuombe uzima", zote hizo andika hapana kwenye daftari, tena bila kukasirika, maana ni adabu tu.

Kwahiyo usiulize kesho. Uliza jana. Mara ya mwisho hilo jambo lilikukuta lini? Ulifanyaje? Ulitoa shilingi ngapi, au ulipoteza muda gani? Kabla ya hapo ulishajaribu njia gani ukaiacha, na uliacha kwa nini? Yaliyopita mtu hawezi kuyapamba sana, alilipa au hakulipa.

Mfano. Baada ya kuona yale ya vumbi, wazo langu la kwanza lilikuwa udobi wa nguo za wanafunzi. Nikaenda Ng'hong'onha karibu na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kule kwenye mageto ya wanafunzi, nikaongea na vijana kumi na moja kwa siku mbili. Ningewauliza "nikiwafulia nguo mtalipa?" wote wangesema ndio. Nikauliza mara ya mwisho umetoa hela kwa mtu akufanyie usafi wa kitu chochote ni lini. Kijana mmoja akakaa kimya kwanza, alafu akasema nguo nafua mwenyewe Jumamosi, siwezi kutoa hela. Akainuka akaenda kitandani, akatoa chini ya kitanda raba nyeupe, akasema hizi sasa nilimpa dogo mmoja mjini 3,000 aoshe, zikarudi na njano pembeni, nimezificha. Anaonyesha kwa kidole ile njano kwenye mshono. Nikauliza huwa unaosha kila baada ya muda gani, akasema kama wiki mbili hivi, vumbi la huku ukitembea siku moja ishakuwa nyekundu. Kati ya wale kumi na moja, saba walikuwa na stori ya raba. Mmoja tu ndiye aliyewahi kulipa mtu amfulie nguo, tena mara moja akiwa anaumwa.

Udobi wangu ulikufa siku hiyo na haukunigharimu hata elfu tano.

Angalizo moja ambalo naliona ni muhimu. Ukimkalisha mtu akakuambia shida zake, amekupa kitu. Usimrekodi bila kumuomba, usitupie stori yake kwenye magrupu, na usitumie unyonge wake kumpandishia bei. Mgao wa maji ukibana hapa mjini tunawajua wanaopandisha dumu kwasababu wanajua huna pa kwenda. Wamemuelewa mteja vizuri kabisa, ila wamemuelewa ili wamkamue, na watu wanakumbuka.

Hatua ya tatu: angalia ulichonacho, panga hela ya kupoteza

Kuna mtafiti anaitwa Saras Sarasvathy, kazaliwa India, anafundisha Marekani. Aliwafuata wajasiriamali 27 wazoefu sana, waliojenga makampuni makubwa, akawapa matatizo ya biashara ya kubuni wayatatue huku wanaongea kwa sauti ili asikie wanavyofikiri. Matokeo aliyachapisha 2001. Alichokuta ni kwamba wengi wao hawakuanza kwa kupiga hesabu ya faida watakayopata. Walianza na walichonacho, mimi ni nani, najua nini, namjua nani, alafu wakajiuliza naweza kukubali kupoteza kiasi gani hapa. Nilivyosoma hilo nilikaa chini, maana mimi na stesheneri yangu nilipiga hesabu ya kopi mia tatu kwa siku, sikujiuliza hata mara moja swali la kupoteza.

Sasa chukua daftari, ukurasa mmoja. Andika unachojua kufanya kwa mikono. Andika watu ambao ukiwapigia leo wanapokea. Andika vitu vilivyopo nyumbani, hata beseni, hata baiskeli ya shemeji. Alafu andika hela ambayo ikipotea yote mwezi huu watoto wanakula, kodi inalipwa, hamna anayekudai. Kwangu ilikuwa 20,000. Kwako inaweza kuwa 5,000, na 5,000 inatosha kujaribu kitu, nakuambia kweli. Hela ya kukopa haiingii kwenye huo ukurasa. Hasa ile mikopo tunayoiita kausha damu, nimeona mama wa watu anachukuliwa kitanda na godoro mchana kweupe kwa ajili ya biashara ambayo hata haikuwa imejaribiwa wiki moja. Usikope kwa ajili ya kubahatisha. Kukopa kuna wakati wake, nitafika.

Hatua ya nne: liandike jaribio kabla hujalifanya

Hii ni fupi lakini usiiruke. Jaribio bila maandishi linageuka kuwa kumbukumbu, na kumbukumbu inatupendelea. Andika mistari minne: naamini nini, nitafanya nini, nitahesabu nini, siku gani naamua. Ya kwangu ya kwanza iliandikwa hivi, naiweka kama ilivyo:

"Naamini wanafunzi wa Ng'hong'onha watalipa 2,500 kuoshewa raba nyeupe zikirudi bila njano. Ijumaa nachukua, Jumapili kabla ya ibada narudisha. Wanalipa wakati natoka na raba, sio baadae. Nahesabu jozi. Zikifika 8 naendelea, chini ya 5 naacha, katikati nauliza upya. Naamua Jumapili jioni. Mwisho wa hela 20,000."

Angalia hapo kwenye kulipa wakati natoka na raba. Hela ndiyo inayotenganisha hongera na oda. Mtu akikupa 2,500 kabla hajapata huduma ameshakuambia kila kitu, na akisita, muulize kwa upole anasita nini, hapo utapata dhahabu.

Hatua ya tano: lifanye kwa mkono wako mwenyewe

Usiajiri, usitengeneze bango, usichapishe fulana. Wiki ya kwanza mikono yako iguse kazi yenyewe, maana kuna vitu hutavijua ukiwa umemtuma mtu.

Nilipata jozi 12. Furaha ilikuwa kubwa, alafu nikaharibu moja. Niliosha kwa sabuni ya unga na mswaki, nikaanika zote juu ya bati, jua la saa saba la Dodoma unalijua. Jioni nyingine zilikuwa safi ila jozi moja ya kitambaa imetoka na njano ile ile aliyonionyesha yule kijana. Sabuni iliyobaki ndani ya kitambaa inapanda juu inapokauka na jua linaichoma pale pale. Nilimpigia mwenyewe nikamwambia ukweli, nikamrudishia 2,500 yake na nikamlipa 15,000 juu, nusu ya mauzo yote ya wiki ile. Hakurudi tena kuwa mteja, na namuelewa. Kwahiyo sasa naosha hivi: mswaki laini, sabuni ya maji kidogo na soda ya kuokea, nasuuza maji mawili mpaka povu liishe kabisa, alafu raba ikiwa bado mbichi naizungushia tishu nyeupe tabaka mbili tatu inashikana nayo kama plasta, naianika kivulini penye upepo. Ule uchafu unatoka unaishia kwenye tishu. Ukibandua kesho yake tishu ndiyo ina njano, raba nyeupe. Hilo halikuwepo kwenye mpango wowote, limetoka kwenye jozi moja iliyoharibika.

Cha pili nilichojifunza ni aibu. Nilijaribu pia kwa watumishi Mtumba, viatu vya ofisini, nikaongea na watu kumi, wote vizuri kabisa, hamna hata mmoja aliyenipa kiatu. Nikamrudia yule dada wa kitenge nikamuuliza ukweli. Akasita, akasema, "Kaka, kiatu nimekivaa toka asubuhi kinanuka, nikuvulie hapa mbele za watu nikupe mkononi?" Mimi nilikuwa nawaza bei na muda, yeye anawaza heshima yake. Jaribio lililofuata nikashona mifuko ya kitambaa yenye kamba na namba, mtu anaweka mwenyewe, anafunga, nachukua mfuko umefungwa na naufungulia kwangu. Bei ile ile, watu wale wale. Wanne wakatoa.

Na weka macho kwa mtu anayetumia kitu chako tofauti na ulivyopanga. Mfano mkubwa uko kwenye simu yako. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya 2005 ilikuwa kwa ajili ya watu waliokopa mikopo midogo wawe wanarejesha kwa simu. Wale wachache waliokuwa kwenye jaribio wakaanza kufanya mambo yao, wanatumiana hela, anayesafiri anaweka mjini anatoa akifika. Waliokuwa wanaendesha jaribio wangeweza kusema mnatumia vibaya. Wakaangalia, wakauliza, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilizinduliwa kama huduma ya kutuma pesa nyumbani, mikopo ikawekwa pembeni. Mwaka 2008 ikafika kwetu, na leo mama wa mchicha Sabasaba analipwa kwa simu.

Hatua ya sita: soma matokeo bila kujipendelea

Kwanza piga hesabu yote, na muda wako uweke. Jozi 12 kwa 2,500 ni 30,000. Ile fidia ya raba siijumlishi hapa, naihesabu kama ada ya shule; matumizi yalikuwa bodaboda 8,000, maji madumu matatu 1,500, sabuni na soda na tishu 3,200, bando 1,000. Jumla 13,700. Imebaki 16,300 kwa masaa tisa, kama 1,800 kwa saa. Ukiangalia hapo bodaboda peke yake imekula zaidi ya nusu ya matumizi. Bila daftari ningesema tatizo ni bei ndogo nikaipandisha. Jaribio la pili likawa kwenye usafiri: dada mwenye kaduka kwenye geti la hosteli anapokea mifuko, nampa 300 kwa kila jozi, mimi nakuja mara moja tu kuchukua na mara moja kurudisha. Jozi 14, usafiri ukashuka mpaka 3,000, yeye akapata 4,200 na akawa ananitafutia wateja bila kuombwa.

Pili angalia tarehe. Hapa Dodoma matokeo yanaweza kukudanganya sana kwasababu hela ya mji huu ina siku zake. Ukijaribu kwa wanafunzi wiki bumu (hela yao ya mkopo wa masomo) limetoka utadhani umepata mgodi, wiki ya sita utalia. Watumishi vile vile, tarehe za mwisho wa mwezi ni watu wengine kabisa na tarehe 15 ni wengine. Msimu nao. Vumbi langu ni la kiangazi, mvua zikianza Desemba mpaka Aprili linakuwa tope, na tope ni kazi nyingine, bei nyingine, hata brashi nyingine. Kwahiyo jaribio lililofanikiwa lirudie kwenye siku kavu, yani siku ambazo mifuko ya watu imekauka, kabla hujaliamini. Mimi naangalia zaidi mtu aliyerudi mara ya pili bila kupigiwa simu kuliko wapya kumi, huyo mmoja ndiye habari yenyewe.

Hatua ya saba: endelea, geuza, au acha

Ukifika tarehe uliyoandika, amua. Kuna jirani yangu, namuita mama mdogo, ana mizabibu Hombolo, nusu eka. Zabibu zetu tunavuna mara mbili kwa mwaka na zikiiva zinaiva za watu wote kwa pamoja, mnunuzi anajua huwezi kusubiri, anapanga bei. Alitaka kukopa anunue mashine ya kukamulia juisi. Nikamwambia mama mdogo tujaribu kwanza bila mashine. Tukaongea na wauza juisi mjini, shida yao ilikuwa friji na umeme, juisi ya zabibu inawachachia. Tukageuza. Akachukua kilo 20 akakausha kwenye chanja chenye chandarua juu, vumbi na nyuki wasiingie, zikatoka kama kilo 5 za zabibu kavu. Akafunga vipakti vidogo, akavipeleka kwa mama mmoja anayeoka keki na kwa duka la viungo. Yule wa keki akachukua vyote akauliza vingine lini. Wa duka vikakaa miezi miwili. Sasa mama mdogo anajua mteja wake ni muoka keki, na mashine ya juisi haidai mtu.

Kuacha nako ni uamuzi. Nimeacha udobi, nimeacha kupeleka chakula cha mchana (wapo mama lishe wanaofanya vizuri kunizidi na wana wateja wao), na vyote kwa pamoja havikufika elfu arobaini. Ukiona unaongeza hela ili tu usionekane umeshindwa, rudi kwenye ule ukurasa wa hela ya kupoteza.

Makaratasi na mkopo, kwa haraka

Jaribio likishasimama kwenye siku kavu angalau mara mbili, hapo ndio urasmi. TIN (namba ya mlipakodi) unaipata TRA, mamlaka ya mapato, bila kulipia, jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, leseni halmashauri. Kama ni chakula cha kusindika usiuze kwa wingi bila kuongea na SIDO (shirika la viwanda vidogo) na TBS (shirika la viwango), SIDO wana ofisi hapa Dodoma na wanafundisha usindikaji. Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia kumi, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba, na hapo daftari lako la majaribio litakusaidia kuliko andiko la kudownload, kwasababu utakaa mbele ya afisa maendeleo ya jamii unasema nimefanya mara tatu, jozi 12, 14, 19, gharama hizi hapa, nikipata brashi ya umeme na tenki la lita elfu moja nitafika hapa.

Mimi ukurasa nilionao sasa hivi unasema hivi: "Naamini watu wa Mtumba watalipa 1,000 kwa wiki kupata sehemu ya kufutia miguu na kubadilisha viatu karibu na wanaposhukia. Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 12 na nusu mpaka saa 2 asubuhi. Benchi moja, beseni mbili, vitambaa 30, pazia. Nahesabu wanaorudi Jumatano. Wakiwa 6 naendelea. Mwisho wa hela 18,000." Pazia lilikuwa ushauri wa yule dada.